Mlango Ulioshuka Mara Tatu

Vijana wenzangu wa karakana, mmenisumbua tangu siku ile mliponikatia keki na kunifunga kitenge cha kuniagia: "Mama Shabani, andika basi, yasije yakapotea." Haya, naandika. Habari za cheo na mshahara hamtazikuta humu. Cheo kilikuwa kimoja tu, fundi, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika kazi. Asiyependa mambo ya bawaba na mikanda aache hapa hapa, hatutagombana.

Nilianza kama dobi katika hoteli moja ya mjini Arusha. Nilikuwa nimetoka Kondoa juzi tu, nakaa kwa shangazi yangu Sombetini, na nguo nilizijua za kuanika juu ya kamba au juu ya kichaka. Siku ya kwanza nilipewa aproni iliyonifika miguuni, nikaonyeshwa mashine mbili. Msimamizi akasema, "Hii ukikosea inakuunguza, ile ukikosea inakukata." Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yote. Iliyokuwa inaunguza ni draya, mashine ya kukaushia nguo. Niliona shuka zinaingia zinachuruzika maji, zinatoka kavu, zina joto kama mkate uliotoka kuokwa. Nikajiambia, kazi hii siachi ng'o.

Fundi wa hoteli alikuwa Mzee Athumani, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye kikohozi na maneno makali. Mashine ikizima, madobi wenzangu walikimbilia chai. Mimi nilibaki kummulikia tochi. Siku moja akanigeukia, "Wewe binti, unamulika au unaangalia?" Nikamwambia naangalia. "Basi shika bisibisi, tochi nitaishika mimi." Ndivyo nilivyoingia ufundi. Hoteli ilichukua muda mrefu kidogo kukubali, lakini mashine zilikubali siku hiyo hiyo.

Mzee Athumani hakuwa mwalimu wa kukaa ukamwuliza maswali. Ukiuliza sana alikohoa mpaka ukanyamaza. Alifundisha kwa mikono. Alinusa mashine kabla hajaigusa, maana mkanda unaoteleza una harufu yake na nyaya zinazoungua zina yao. Kisha akaisikiliza. Bisibisi ilikuwa ya mwisho. Nyinyi siku hizi mnaanza na bisibisi, halafu mnashangaa skrubu zinabaki mkononi mkishamaliza kufunga.

Kwenye milango alikuwa na jambo lake. Alisema mlango wa draya lazima uuamkie kwanza. Aliufungua, akashika ukingo wake wa mbele kwa vidole, akauinua taratibu na kuushusha, kama mtu anayesalimiana na mgonjwa. Ukicheza kwenye bawaba, bawaba imelika. Bawaba na bati lake vikicheza pamoja, bati limechanika kwenye matundu ya skrubu. Usipocheza kabisa na bado umeshuka, bawaba imepinda. "Na bawaba haipindi yenyewe," alisema. "Kuna mtu." Lakini huyo mtu ni nani, alinikataza kuuliza. Ukiingia nyumba ya watu utaona mengi, toka na vifaa vyako tu.

Alipostaafu aliniachia jiliwa lake la kubania vyuma na nyundo ya mpira. Baadaye nikaacha hoteli, nikaingia karakana yetu hii ya Kwa Mrombo, tukawa tunakwenda majumbani. Hapo ndipo nilipojua kwamba mwanamke mwenye sanduku la vifaa ni kichekesho. Nabisha hodi, mlango unafunguliwa, mtu anachungulia nyuma yangu barabarani. "Fundi yuko wapi?" Ndiye mimi. "Ee, nimekuelewa mama, lakini fundi mwenyewe?" Nilizoea. Wengine waliniletea kiti nimsubiri.

Kuhusu watu na draya naweza kuandika mpaka wino uishe. Bwana mmoja aliletewa ya kwake na ndugu aliye Marekani, akaichomeka kwenye umeme wetu bila kuuliza, ikatoa moshi kabla hata haijazunguka. Alichonilalamikia ni kwamba eti umeme wa Arusha ni mkali. Mama mmoja wa huko juu ya Tengeru alishikwa na ukungu wa Julai kahawa yake ikiwa bado mbichi kwenye vichanja vya kuanikia, basi akaimwaga kwenye draya ya binti yake. Nilipofika ilikuwa inapiga kelele kama mvua ya mawe juu ya bati. Nilitoa kahawa kwenye chujio, kwenye feni, kwenye kila tundu. Nikamwuliza, "Mama, ilikauka lakini?" Akanijibu bila aibu, "Iliyobaki ndani ilikauka vizuri kabisa." Nilicheka njia nzima mpaka Kwa Mrombo.

Sasa nije kwenye mlango wa Baba Eli, maana ndio mliouulizia zaidi, na ndio ulionikalia moyoni kuliko kazi nyingine zote.

Ilikuwa majira yangu ya baridi ya mwisho kazini. Baba Eli anauza vipuri vya magari, ana nyumba mpya Ilboru, vigae kila chumba, madirisha makubwa, jiko la gesi. Nyumba nzuri, lakini Mei mpaka Agosti ukungu ukishuka kutoka Mlima Meru, ndani ni baridi kuliko nje. Mkewe ni mtumishi wa serikali, kituo chake Dodoma, anarudi mwisho wa mwezi. Watoto wako bweni. Waliokuwa wakiishi humo ni Baba Eli mwenyewe, msichana wa kazi anaitwa Pendo, mtu wa Singida, na Mzee Anaeli.

Mzee Anaeli ni baba yake Mama Eli. Hapo lazima muelewe. Huyu ni mkulima wa Kimeru kutoka Songoro, kahawa na migomba, amezeekea kwenye jiko la mafiga ambalo moto wake haukuwahi kuzimika tangu alipooa. Mke akafariki, mguu ukamsumbua, kliniki ikawa ya kila wiki, binti yake akamchukua na kumleta mjini. Kumbe amemleta kwa mkwe. Mzee mwenye heshima zake kula na kulala kwenye nyumba ya aliyemwoa binti yake, hilo kwa watu wa umri wake ni zito. Na binti mwenyewe, aliyekuwa kiungo, yuko Dodoma. Basi wale wanaume wawili walikuwa wanakutana sebuleni asubuhi, mkwe anasema shikamoo, mzee anaitikia marahaba, yamekwisha mpaka kesho. Si ugomvi. Ni heshima, ila heshima ya kumnyima mtu hata kuomba maji.

Mara ya kwanza niliitwa kwa sababu draya haiwaki. Iko kwenye chumba kidogo kati ya jiko na sebule. Mlango ulikuwa umeshuka upande wa mbele, ulimi wake haufiki kwenye tundu la kitasa, na mlango usipofunga sawasawa swichi haibonyezwi, mashine haizunguki hata uipigie magoti. Nikauamkia. Haukucheza. Bawaba imepinda kwenda chini. Nikachomoa waya ukutani, nikaweka stuli chini ya mlango usinidondokee, nikafungua skrubu, nikainyoosha bawaba, nikarudisha. Nikamwambia Pendo yale ninayowaambia wote, asiweke kapu la nguo juu ya mlango ulio wazi. Akasema, "Sawa mama, nimesikia." Msichana mpole, mkono mwepesi, jiko lake linang'aa.

Mara ya pili ni ule ule, vile vile. Safari hii niliweka kipande cha bati nene nyuma ya matundu ili skrubu zishike, nikabadilisha na skrubu zenyewe. Nilipomaliza nikakata ukanda wa gazeti, nikaufungia kwenye mlango, nikauvuta, nikarudia kuzunguka mlango wote. Gazeti likigoma kutoka kila mahali, mlango umekaa. Liligoma. Baba Eli alikuwa amesimama pale na simu yake. Akaniuliza, "Sasa huu ndio mwisho?" Nikamwambia bati la mashine za siku hizi ni jepesi, waushike taratibu. Akamtazama Pendo, akarudi kwenye simu yake.

Mara ya tatu ilikuwa Julai katikati. Asubuhi hiyo mtaa mzima wa Sakina ulikuwa hauonekani, taa za pikipiki zinawaka saa nne. Baba Eli alinifungulia geti mwenyewe. Alikuwa na hasira za mtu aliyelala nazo.

"Fundi, karibu. Leo sitaki tu utengeneze. Nataka uniambie mlango huu unavunjwa na nini. Nikishajua, nami nitajua la kufanya."

"La kufanya ni lipi, Baba Eli?"

"Huyu binti namrudisha kwao. Nimemwambia na kumwambia. Mtu asiyesikia utamfanyaje?"

Nilipita sebuleni. Mzee Anaeli alikuwa kwenye sofa kubwa, koti limefungwa mpaka shingoni, kofia ya sufu, mikono ameifumbata katikati ya magoti. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akaniuliza habari za nyumbani moja moja, za watoto, za mvua, kama wanavyouliza watu wa mlimani ambao hawana haraka. Alikuwa mzee wa kupendeza. Sauti yake ilikuwa inatetemeka nikadhani ni uzee.

Nikaingia kwenye chumba kidogo, nikachomoa waya, nikaulaza mlango juu ya blanketi. Bawaba imepinda kwenda chini tena, zaidi ya mwanzo. Nikatazama ukingo wa juu wa mlango. Kapu la plastiki likiwekwa mara kwa mara huacha mikwaruzo, na hapa hapakuwa na mkwaruzo. Rangi ilikuwa imefifia mahali pamoja tu, kwenye kona, pana kama kiganja. Mtu alikuwa anashika pale na kujikandamiza kwa uzito wake wote. Mtu anayeketi kwa shida na kuinuka kwa shida.

Nikainama kusafisha ule mviringo wa kitambaa kizito unaozunguka mlango kuzuia hewa. Kwa kawaida unakuta vumbi la nyuzi, kifungo, labda sarafu. Safari hii nilikuta unga mweusi-mweusi wa kahawia umejikusanya kwenye mkunjo. Nikausogeza puani. Lo! Nilipiga chafya mpaka bisibisi ikanidondoka. Ugoro. Ugoro mzuri, uliosagwa na magadi, kama wanaonusa wazee wa mlimani.

Pendo alikuwa mlangoni na ndoo. Alikuwa ameniona nikinusa. Akaweka ndoo chini, akanikaribia, akaniambia kwa sauti ya kunong'ona, "Mama, nakuomba usiseme."

"Wewe ulijua?"

"Ndiye mimi ninayemfungulia mzee. Nguo zikikauka nazitoa upesi, mlango nauacha wazi, naye anakaa kwenye ile stuli anaweka mikono ndani. Siku nyingine nawasha hata kama ni taulo moja. Mama, anatetemeka. Usiku namsikia anatembea chumbani apate joto."

"Sasa si mngemwambia Baba Eli?"

"Nilitaka. Akanikataza. Akasema mtu haendi kwa mkwe wake kulalamika baridi, ni kama kumwambia nyumba yako mbaya. Baba akijua nani amemvunjia mashine, mzee atarudi Songoro siku hiyo hiyo. Na kule kwake hakuna mtu, mama. Mguu wenyewe ule. Nani atamwashia moto?"

"Na wewe ukirudishwa kwenu?"

Akainua mabega. "Mimi nitapata kazi nyingine."

Hakuwa na uhakika huo. Alikuwa ameshaniambia mara ya pili ile kwamba wadogo zake wanasomea kwenye mshahara wake. Roho iliniuma, siwafichi. Nimetengeneza mashine zilizoungua, zilizojaa panya, zilizomwagiwa uji, sijawahi kukaa sakafuni na bawaba mkononi nisijue la kufanya. Nikisema kweli, mzee anaondoka kwa aibu kwenda kulala peke yake kwenye nyumba baridi. Nikinyamaza, huyu binti anapanda basi. Yale ya Mzee Athumani ya kutoka na vifaa vyako tu hayakunisaidia hata chembe. Nikafanya nilichokuwa najua kufanya. Nilifunga jiliwa kwenye ukingo wa meza ndogo ya mle chumbani, nikaibana bawaba, nikaweka kipande cha ubao juu yake na kuanza kuigonga pole pole mpaka ikanyooka. Niligonga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Baba Eli akaja. Chumba chenyewe kidogo, akasimama kizingitini, na nyuma yake sebule yote inasikia.

"Ehe, fundi. Nini?"

"Bawaba imepinda," nikasema. "Imebeba uzito kutoka juu."

"Uzito wa nini?"

Nikafungua mdomo. Mpaka leo sijui nilikuwa nataka kusema nini. Pendo akanitangulia.

"Ni mimi, baba. Huwa naegemea nikichoka. Naomba unisamehe."

Baba Eli alimtazama kwa muda. Si mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alikuwa na sura ya mtu aliyetegemea kusikia jambo jingine. "Nimekuuliza mara ngapi, Pendo? Mara ngapi? Ukakataa mbele ya macho yangu. Mlango ningesamehe. Uongo sikai nao nyumbani. Kafunge vitu vyako, kesho asubuhi nakupeleka stendi."

"Sawa, baba," akasema Pendo. Akainama kuokota ndoo yake kana kwamba ametumwa sokoni.

Ndipo tukasikia fimbo kwenye vigae. Inagonga, inanyamaza, inagonga. Mzee Anaeli akafika nyuma ya Baba Eli, akasimama na koti lake, fimbo mkono mmoja, mwingine ameshika ukuta. Baba Eli akageuka, akasogea pembeni upesi kumpisha, macho chini kama ilivyo adabu yao.

Mzee hakumtazama usoni. Alitazama ule mlango uliolala kwenye blanketi.

"Mkwe," akasema. "Huyo binti anakudanganya kwa ajili yangu. Hajaegemea kitu."

Nilikuwa nimeshika nyundo, nikaiweka chini ili isilie.

"Nyumba yako ni nzuri. Chakula nakula, nashiba. Sina neno." Taya lake lilikuwa linatetemeka, akalibana, akasubiri litulie. Ungedhani anainua gunia la kahawa. "Nasikia baridi, mkwe. Tangu nimefika hapa kwako, nasikia baridi."

Niliwahi kuona watu wakiungama mambo makubwa kwa shida ndogo kuliko ile. Pendo alijifunika uso kwa khanga.

Baba Eli alitazama ile mikono ya mzee, mmoja kwenye fimbo, mmoja ukutani, kucha zimekuwa na rangi ya majivu. Akatazama stuli iliyokuwa pembeni ya draya, ambayo nadhani alikuwa ameiona hapo kila siku bila kujiuliza inafanya nini. Akavua koti lake, akamvika mzee mabegani juu ya lile jingine. Akaivuta stuli mpaka mbele ya mashine, akamshika mkwewe kiwiko na kumkalisha. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumgusa.

Kisha akanigeukia.

"Fundi, bado nini?"

"Bawaba imenyooka. Bado kuurudisha tu."

"Una mtu wa kukusaidia kuuinua?"

"Sina."

Alipiga magoti kwenye vigae na suruali yake ya kazini, akaushika ule mlango kwa mikono miwili, akauinua mpaka matundu yakalingana. Mlango wa draya ile ni mzito, na mzee yuko pale kwenye stuli, goti kwa goti na yeye. Nikaingiza skrubu ya juu.

"Kaza, mama," akasema Baba Eli. "Kaza upesi. Baba anasikia baridi."